Mbwa wa Kwenye Shuka



Leo sizungumzii shela wala singo. Leo nazungumzia mbwa. Najua yuko atakayesema, "Astaghfirullah, fundi wetu kapatwa na nini?" Tulia mwenzangu, usinikimbie. Si mbwa wa majaani. Nawazungumzia wale wa katuni, ambao wengi wetu tunao sebuleni kutoka asubuhi mpaka Isha. Wanatulelea watoto huku sisi tunapika, tunashona au tunauza, na hatujapata kukaa tukajiuliza wanawafundisha nini. Mie nilijiuliza baada ya kuumbuka, ndiyo maana nakusimulieni.

Yote yalianza kwa kitambaa. Kama mnavyonijua, mie ni fundi cherahani. Nilipomaliza sekondari sikuendelea na masomo, nikajifunza ushoni, na leo alhamdulillah nina duka langu. Nashona magauni ya harusi, mapazia na mashuka. Kabla ya Ramadhani ya mwaka jana nilikwenda kuchukua vitambaa, nikakuta mabaki ya jora la pamba safi, laini, bei ya kutupa. Kitambaa chote kimechapwa mbwa. Buldogi mnene, uso mpana, mashavu yanamning'inia, na kichwani kavaa kofia ya njano ya mafundi wa ujenzi. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka sita, akamtambua pale pale: "Mama, Rubble!" Nikakata, nikamshonea shuka moja na foronya mbili. Usiku ule alikwenda kulala bila ya kuambiwa, jambo ambalo halijapata kutokea nyumbani kwangu.

Mfunguo Mosi ukaingia na harusi zake. Mavyaa wangu akaja kutoka Wete kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake, mtoto wa wifi yangu, akafikia kwetu. Mavyaa wangu ni mtu wa maneno machache na uso mkavu. Kwa miaka tisa ya ndoa nilikuwa sijui kama ananipenda au ananivumilia tu. Moyoni nilishaamini kuwa anasikitika mwanawe kuoa mwanamke wa dukani badala ya mwanamke wa jikoni.

Asubuhi ya kwanza aliingia chumba cha watoto asali Dhuha. Akasimama mlangoni. Akaitazama ile shuka, kisha akanigeukia.

"Mke wa mwanangu, nyumba hii malaika wanapitia dirishani?"

Hakusema zaidi. Aliitandua shuka mwenyewe, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti, na kitandani akatandika kanga yake. Usiku mwanangu alilia mpaka akapaliwa. Nami nililia, ila mie nililia chooni. Mume wangu alinyamaza, kama wanavyonyamaza wanaume wengi wakiwekwa baina ya mama na mke.

Hawa mbwa ni nani?

Usiku ule nilikuwa na gauni la biharusi la kutia shanga, kazi ya kukesha. Nikaegemeza simu kwenye cherahani. Nilisema ngoja niwatazame hawa mbwa kwa macho ya mtu mzima, huenda nikapata la kumjibu mavyaa. Usiku ule na uliofuata nilitazama katuni nyingi kuliko nilizotazama utotoni mwangu kote.

Nilianza na huyu aliyeniletea balaa. Rubble ni wa katuni ya PAW Patrol, iliyoanza kuoneshwa mwaka 2013, kutoka Kanada. Ni kundi la watoto wa mbwa, kila mmoja na kazi yake. Chase ni polisi, Marshall ni zimamoto, na Rubble ni fundi wa ujenzi mwenye tingatinga lake. Mwili wake kama gogo, lakini akiona buibui anatetemeka. Buibui yule mdudu, si hili letu.

Kisha nikakumbuka kuwa sisi pia tulilelewa na buldogi. Nani kati yetu hakumtazama Tom na Jerry? Waliowatunga ni Wamarekani wawili, William Hanna na Joseph Barbera, na waliwatoa mara ya kwanza mwaka 1940. Mwaka 1942 wakamtia buldogi ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Spike. Kifua kama mlango, kola ya misumari shingoni, hataki kuamshwa usingizini. Mwaka 1949 wakampa mtoto, Tyke, na hapo ndipo Spike akawa mtu mwengine. Mbwa yule yule anayempigiza paka ukutani, kwa mwanawe anakuwa laini kama halua. Anamlaza, anamfunza, na anamtisha Tom asimsumbue mtoto. Utotoni nilikuwa namcheka. Usiku ule nilimtazama kama mzazi.

Mie macho yangu ni ya fundi, basi nikauliza, kwa nini wachoraji wanampenda sana buldogi? Mtazameni umbo lake. Juu mpana, chini mwembamba, miguu mifupi, taya limetoka mbele kuliko pua. Ningeambiwa nimshonee kanzu, kitambaa chote kingeishia kifuani. Ukimchora kwa mistari mitano mtoto keshamjua. Na uso wake umekunjwa kama mtu aliyedaiwa, kwa hiyo mchoraji akitaka kutuchekesha anachukua uso ule wa ukali, ndani yake anaweka moyo wa huruma au wa woga.

Uso huo haukuja bure. Huko Uingereza, mbwa hawa walizalishwa kwa ajili ya mchezo wa kupambanishwa na fahali aliyefungwa kamba, watu wakitazama na kuwekeana kamari. Mbwa alitakiwa amng'ate fahali pua asimwachie. Sisi kwetu Pemba tuna mchezo wa ng'ombe, lakini wetu hauna mbwa. Mwaka 1835 sheria ya Uingereza ikaupiga marufuku mchezo ule. Buldogi akabaki hana kazi, watu wakaendelea kumzalisha kwa ajili ya sura tu, pua ikizidi kufupishwa na kichwa kikizidi kukuzwa. Leo buldogi wengi wanapumua kwa tabu, joto linawasumbua, na majike wengi hawawezi kuzaa ila kwa upasuaji kwa sababu vichwa vya watoto ni vikubwa kuliko nyonga za mama. Mnyama yule tunayemcheka kwenye katuni, uso wake ni jambo alilofanyiwa na binadamu. Mungu atusamehe.

Wengine nitawapita haraka. Pluto wa Disney, wa mwaka 1930, ni mbwa hasa. Anatembea kwa miguu minne na hasemi. Goofy, wa mwaka 1932, naye ni mbwa, lakini anavaa suruali na kofia na anaendesha gari. Binti yangu wa miaka minane aliniuliza, "Mama, kwa nini mmoja kafungwa kola na mwengine ana leseni?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Scooby-Doo wa mwaka 1969 ni mbwa wa aina ya Great Dane. Mchoraji wake, Iwao Takamoto, aliuliza mbwa bora wa aina hiyo anatakiwa aweje, kisha akachora kinyume chake. Mgongo akauinamisha, miguu akaipinda, kidevu akakizidisha. Fundi kama mie hilo nalielewa. Mara nyengine nguo inapendeza pale ulipoacha kufuata kipimo.

Lakini katuni iliyonimaliza ni moja fupi ya mwaka 1952, ya Chuck Jones, inaitwa Feed the Kitty. Ndani yake mna buldogi mkubwa, Marc Antony. Anakutana na kitoto cha paka, anakibwekea kwa nguvu zake zote. Kile kipaka hakiogopi. Kinampanda mgongoni, kinaukandakanda kama kitanda, kinajilaza. Buldogi anayeyuka. Anakichukua nyumbani, lakini bibi mwenye nyumba keshamwonya, asilete tena kitu chochote ndani. Basi inakuwa kazi ya kukificha huku na huku. Mara kipaka kinaingia kwenye bakuli la unga, na bibi yuko jikoni anaoka biskuti. Buldogi anatolewa nje. Anachungulia dirishani, anaona unga unakorogwa, unasukumwa, unakatwa, unatiwa kwenye oveni. Anaamini kipaka chake kimo mle. Anazimia, analia mpaka machozi yanafanya dimbwi. Kumbe kipaka kilishatoka zamani, kimekaa pembeni kinajilamba.

Bibi, hajui hili wala lile, anamhurumia kwa kumpa biskuti moja yenye umbo la paka. Buldogi anaipokea kwa mikono inayotetemeka, anaiweka mgongoni pake pale pale alipokuwa analala kipaka, anaondoka analia. Wallahi na mie nililia juu ya gauni la watu. Niliogopa machozi yasiingie kwenye satini. Mwishoni kipaka kinamlilia miguuni, anakiona, na bibi anamruhusu akae nacho.

Nikajiambia, haya, hoja nimeipata. Kesho nitamwambia mavyaa katuni hizi zinafundisha huruma. Niliona nimeshashinda kesi.

Siku ya mandazi

Zilibaki siku tatu harusi. Nyuma ya duka langu pana jaa, na hapo alikuwa anakaa mbwa jike wa rangi ya kahawia, mkonde, ananyonyesha. Watoto waliotoka chuoni wakawa wanampiga mawe. Mie nilikuwa ndani nampima biharusi gauni, pini zimejaa mdomoni. Mavyaa alikuwa kakaa kwenye benchi mlangoni, katuletea chakula cha mchana. Mwanangu alikuwa anakula mandazi, akasikia mbwa analia, akatoka.

Nilichosikia mie ni ukelele.

Alikuwa kawapita wale watoto, kamsogelea mbwa, kamnyooshea nusu ya mandazi. Mbwa aliyekwisha pigwa mawe, mwenye watoto nyuma yake, hajui mkono wa mawe na mkono wa mandazi. Alimng'ata kiganja, meno mawili. Damu haikuwa nyingi. Mwanangu alikuwa analia huku ananiambia neno ambalo mpaka leo likinijia nasimamisha cherahani: "Nilimwambia mie rafiki yake, Mama. Hakunijibu."

Jamani, nani alimwambia kama mbwa wanajibu? Mie. Mie niliyemweka mbele ya mbwa wanaosema, wanaocheka, wanaoendesha matingatinga, nikamshonea mmoja mpaka kitandani, na sikupata siku moja kukaa naye nikamwambia kuwa yule wa kwenye kioo ni picha tu, na huyu wa nje ni mnyama mwenye njaa na hofu.

Nilichukua kipande cha kitambaa nimfunge. Mavyaa alinipiga mkono. Katika miaka tisa hajapata kunigusa kwa ukali.

"Usifunge! Sabuni! Maji yanayokwenda!"

Alimshika mtoto, akamweka kwenye bomba la nyuma, akachukua sabuni ya kufulia, akaosha lile jeraha, akaosha, akaosha. Mie nilidhani imetosha, yeye anasema bado. Mtoto anapiga kelele, yeye hamwachii. Robo saa nzima. Kisha akanivalisha buibui langu kama mtoto mdogo, tukapanda gari kwenda hospitali. Daktari alipouliza tumefanya nini, akasema bibi kafanya ndivyo hasa. Mtoto alichomwa sindano na tukapewa tarehe za kurudi kwa chanjo zilizobaki. Tulizifuata zote, hata siku ya harusi yenyewe tulipitia hospitali kwanza.

Alichokuwa anakiona mavyaa

Usiku mtoto alipolala, mavyaa aliniita uani. Akasema, "Kaa."

Akanihadithia. Alipokuwa msichana wa miaka kumi, kijijini kwao, ndugu yake mdogo aliumwa na mbwa mguuni. Jeraha dogo, wakalifunga kwa dawa ya majani, likapona. Watu wakasahau. Baada ya wiki kadhaa mtoto akapata homa. Akawa hawezi kunywa maji. Akioneshwa kikombe koo linamkaza, anapiga kelele. Alikufa mikononi mwa mama yao. Mavyaa ndiye aliyekuwa kashika kile kikombe.

"La malaika ni kweli na ninaliamini," aliniambia. "Lakini siku ile nilipofungua mlango wa chumba cha watoto sikuwafikiria malaika. Nilimuona ndugu yangu. Nilimuona mbwa juu ya kitanda cha mjukuu wangu."

Mashoga zangu, nilimshika miguu nikamwomba radhi. Akanishika kichwa, akasema, "Umechoka, mwanangu. Kazi zako nyingi." Neno mwanangu nilikuwa nalisikia mara ya kwanza.

Asubuhi mtoto akamuuliza bibi yake, "Bibi, Mwenyezi Mungu anawachukia mbwa?" Nilitega sikio. Nilidhani atasema ndiyo.

Akasema, "Njoo hapa mume wangu, ukae." Akamsimulia habari ya yule mwanamke wa Bani Israili, mwenye dhambi zake, aliyemwona mbwa anazunguka kisima ulimi nje kwa kiu. Akavua kiatu chake, akamtekea maji, akamnywesha, na kwa ajili hiyo akasamehewa. Akamsimulia na habari ya vijana wa pangoni katika Suratul Kahf, na mbwa wao aliyelala mlangoni kanyoosha miguu, naye katajwa ndani ya Qur-ani pamoja nao. Kisha akamwambia:

"Mbwa ana haki ya maji kwako. Hana haki ya kitanda chako. Na mkono wako usimnyooshee, wala wa jiwe wala wa mandazi. Umefahamu?"

Mtoto akasema amefahamu. Nami nikafahamu.

Ile kanzu aliyokuwa kaivaa, iliyopata mate ya mbwa, tuliiosha mara saba na moja kati yake kwa udongo, kama tulivyofunzwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi. Mwanangu ndiye aliyehesabu. Kwenye jeraha hatukutia udongo hata chembe, na namna ya kuutoharisha mkono tulimuuliza ustadhi wetu. Nawe ukifikwa, muulize ustadhi wako, mie ni fundi cherahani tu. Ila jambo moja nimeliona kwa macho yangu. Mwanangu alikuwa anadhani najisi maana yake ni uadui, kwa sababu ndivyo wanavyodhani wale watoto wenye mawe. Bibi yake ndiye aliyemtenganishia. Tukaoshe tulichoagizwa kuosha, lakini hakuna aliyetuagiza kumpiga mawe mnyama anayenyonyesha.

Na ile shuka?

Ilikuwa bado juu ya kiti, imekunjwa. Sikutaka kuitupa, kitambaa ni neema. Nikakumbuka darsa tuliyosomeshwa habari ya Bi Aisha, Mungu amridhie, alipotundika pazia lenye picha, Mtume, rehma na amani zimshukie, akachukizwa nalo, na Bi Aisha akalikata akalifanya mito. Hadithi hiyo nilishaisikia mara nyingi, lakini siku ile niliisikia kama fundi: kitambaa hakikutupwa, kilikatwa.

Nikamwonesha mavyaa mkasi. Akatikisa kichwa kukubali. Nikaikata shuka ile ya Rubble, nikajaza pamba, nikatoa mito minne ya kukalia chini. Mwanangu mwenyewe alinisaidia kujaza. Mavyaa akakalia mmoja, akajitengeneza, akasema, "Huyu mbwa wenu mnene. Anafaa kukaliwa." Akacheka. Mume wangu akatoka chumbani kuja kutazama nani anacheka.

Hapo nikaukumbuka uso wa Marc Antony. Msinielewe vibaya, astaghfirullah, simfananishi mama wa mume wangu na mbwa. Nasema tu kwamba nilikaa nikatazama katuni nzima ya uso mkali wenye moyo laini, nikalia mpaka nikaogopa kuharibu satini, na huku mwenye uso mkavu nyumbani kwangu nilikuwa sijapata hata kumuuliza, "Mama, una nini?"

Tunavyofanya sasa

Katuni sikuzifunga. Nyumba nyengine wamezifunga na sina neno nao, kila mtu na nyumba yake. Sisi tumeweka utaratibu, na nakupeni kama nilivyoujaribu.

Kwanza, hawatazami peke yao. Hata kama nina kazi, nakaa nao na sindano yangu. Nikiona mbwa anazungumza nauliza, "Huyu wa kweli anazungumza?" Wanajibu kwa pamoja, "Hazungumzi!" Imekuwa mchezo.

Pili, wamejifunza kuwa mbwa wa nje hakimbiwi, haguswi, hapigwi. Ukimkuta, simama, mikono ubavuni, rudi nyuma taratibu. Na mbwa mwenye watoto usimsogelee kabisa.

Tatu, akikuuma, hata mkwaruzo, mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo. Maji yanayokwenda na sabuni dakika 15, kisha hospitali. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili, ni nadra sana mtu kupona. Kabla ya dalili, chanjo inaokoa. Hili tafadhali mfundishe na dada wa kazi na bibi wa mtaani, usibaki nalo peke yako.

Nne, nyuma ya duka nimeweka kopo la maji. Simgusi mbwa, simwiti, namwaga maji naondoka. Wale watoto wa mawe niliwaita nikawapa mandazi na ile hadithi ya kiatu. Wawili wameacha kabisa. Wa tatu bado, tunamwombea.

Na jambo la tano si sheria. Binti yangu anapenda katuni ya Bluey, ya Australia, iliyoanza mwaka 2018. Ni familia ya mbwa wa aina ya Heeler: baba Bandit, mama Chilli, na wasichana wawili, Bluey na Bingo. Kila kipande ni dakika kama saba tu, na karibu chote ni wazazi kucheza na watoto. Baba anajifanya mgonjwa, anajifanya roboti, anajifanya chochote. Tulipokuwa tunatazama, binti yangu alisema taratibu, bila ya kunigeukia, "Chilli naye ana kazi, Mama. Lakini anacheza."

Nilikuwa nimeinamia pindo la gauni. Sikuwa na la kujibu. Nikaiweka sindano chini, nikamuuliza, "Haya, mie niwe nani?" Akasema niwe farasi. Nikawa farasi, na magoti yangu haya. Biharusi yule gauni alilipata kwa wakati wake, alhamdulillah, na mwanangu alipata dakika saba za mama yake. Tangu hapo nikishafunga duka, kabla ya kugusa simu, nawapa dakika zao.

Mabiharusi wangu, ninyi mnaokuja kwangu kupimwa mnaniuliza habari ya lesi na mkia wa gauni, nami nakushoneeni kwa mapenzi. Lakini mnapoingia nyumba za watu, mtakutana na nyuso zilizokunjwa. Usiamue kuwa umechukiwa. Kaa chini, uliza, ngoja. Huenda uso ule umebeba kikombe cha maji ambacho mtoto hakuweza kukinywa.

Mavyaa amerudi Wete, na wiki iliyopita alipiga simu. Hakumuulizia mwanawe kwanza. Aliuliza mkono wa mume wake mdogo umeponaje, kisha akauliza kama nimekula. Na kabla ya kukata akasema, akija tena nimshonee mto mmoja wa kwake, aondoke nao. Nikamuuliza, "Wa maua, Mama?"

Akasema, "Maua ya nini? Yule mnene."

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, atupe nyoyo za huruma kwa kila chenye roho, na azifanye nyumba zetu kuwa za malaika. Amin.

Wassalaam,
Fundi wenu